Wakuu, Modbus au MQTT kwa pampu zilizo mbali?

mwanafunzi_wa_plc: Wakuu habari, nina kazi ya visima vya maji vilivyo mbalimbali, kila kimoja kina PLC (kompyuta ndogo inayoendesha pampu) na mita ya mtiririko inayoongea Modbus RTU (lugha ya vifaa kupeana data kwa waya), data nataka ifike ofisini kwa modemu ya laini ya simu. Mmoja ananiambia weka Modbus TCP (Modbus hiyohiyo ila kupitia mtandao) yaishe, mwingine MQTT (kifaa kinatuma ujumbe wake kupitia seva ya kati), nimebaki njia panda. Naombeni ushauri.

fundi_saketi: Mkuu hizo ni kazi mbili tofauti. Pale kisimani acha RTU hiyohiyo juu ya RS-485 (ule waya unaounganisha vifaa vingi), Modbus ipo tangu 1979 na karibu kila kifaa kinaijua, funga tu rezista ya ohm 120 kwenye kila ncha ya waya na vifaa vifuatane kwa mstari, usitoe matawi. Kutoka kisimani kwenda ofisini ndo weka MQTT. Modbus mpaka iulizwe ndo ijibu, kwa hiyo ofisi itakuwa inauliza kutwa hata kama hakuna kilichobadilika, bando linaliwa bure na mtandao ukisuasua kidogo tu ni taimauti juu ya taimauti. MQTT kisima chenyewe ndo kinamtafuta broka (hiyo seva ya kati), huhitaji IP ya umma (anwani inayofikika toka popote kwenye intaneti) kwa kila laini, na kikipotea hewani broka anautoa ule ujumbe wa wosia kilioacha, kuwajulisha kwamba kimepotea. Ilibuniwa 1999 kwa mabomba ya mafuta, data zikipita setilaiti, mtandao mbovu imeuzoea.

Rejista: Na usithubutu kufungua poti 502 (mlango wa Modbus TCP) kwenye intaneti!! Modbus TCP haiombi paswedi, yeyote akiifikia anawasha pampu. Pitisha kwenye VPN (njia ya faragha ndani ya intaneti), na MQTT tumia TLS (inaficha data njiani), poti 8883 sio 1883.

kaka_mita: Mi naona mnaisahau DNP3, protokoli nyingine ya mitambo iliyo mbali. Laini ikikatika yenyewe inatunza matukio na muda wake, ikirudi inayatuma, kwa MQTT hilo lazima ulipange mwenyewe. Ila kuzima pampu maji yakiisha kiache ndani ya PLC, kisitegemee ofisi kwa protokoli yoyote ile.

mwanafunzi_wa_plc: Asanteni sana. Halafu mita kwenye kioo inaonyesha 12.5 mi nasoma 2.34e-41, ni waya au?

fundi_saketi: Waya mzima huo. Desimali inakaa kwenye rejista (visanduku vya namba ndani ya kifaa) mbili za biti 16 na Modbus haijasema ipi itangulie, 12.5 kwa heksa (namba za msingi wa 16) ni 4148 0000, we unasoma 0000 4148. Zigeuze.