Mchujo wa urais upi wa kuwafundishia wanafunzi: Dodoma 1995, Dodoma 2015 au Marekani 2004?

Mwalimu wa Soweto (Mbeya)
Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Naomba ushauri wenu kabla ya Ijumaa, kwa kuwa siku hiyo napeleka makabrasha kudurufiwa na fedha iliyopo inatosha seti moja tu. Klabu yetu ya mdahalo itajadili namna wapiga kura na vyombo vya habari wanavyohamisha uungaji mkono wao chama kinapomtafuta mgombea urais. Nina michujo mitatu mezani: wa CCM wa 1995, wa CCM wa 2015, na ule wa chama cha Democratic cha Marekani wa 2004. Upi utafaa?

Mnyalukolo (Iringa)
Kamwene, Mwalimu. Umetuletea swali nusu. Wanafunzi ni wa kidato gani, mdahalo una dakika ngapi, na je, mkuu wa shule ameridhia mjadili chama kilichopo madarakani? Usipotueleza hayo, kila mmoja wetu atakupa anachokipenda yeye.

Mimi nakipenda cha 1995, kwa sababu kinapimika. Katika duru ya kwanza ya kura za wajumbe wa mkutano mkuu Jakaya Kikwete alipata kura 534, Benjamin Mkapa 459 na Cleopa Msuya 336. Hakuna aliyevuka nusu, kwa hiyo Msuya akatoka na wajumbe wakarudia kura. Mkapa akafika 686, Kikwete 639. Waambie vijana watoe wenyewe: Mkapa aliongeza 227, Kikwete 105. Aliyeongoza saa chache kabla akawa wa pili, na akasubiri miaka kumi. Hapo mwanafunzi anaona kuhama kwa macho yake.

Kijana wa Rungwe (Tukuyu)
Nashangaa 2005 haimo kabisa. Pale Chimwaga, Dodoma, Kikwete alipata kura 1,072, Salim Ahmed Salim 476, na Profesa Mark Mwandosya, mtu wa huku kwetu, 122. Mtoto wa Mbeya atasikiliza zaidi akijua kwamba mmoja wa wale watatu alitoka mlima wa pili tu. Isitoshe, mwaka ule baadhi ya magazeti yalimwandama Salim kwa habari za asili yake na siasa za Zanzibar za miaka ya nyuma, na hilo ni somo zima juu ya wajibu wa mhariri.

Mama Isyesye (Mbeya)
Kabla hamjaenda mbali, Mwalimu, naomba utenganishe maneno, maana niliwahi kusimamia mdahalo ulioharibika kwa jambo hili. Kura za maoni ni zile za ndani ya chama. Kura ya maoni ni ya wananchi wote kuhusu jambo moja, kama katiba. Utafiti wa maoni ni kuuliza watu wachache ili kukisia wengi. Mwanafunzi akivichanganya, atasema wananchi walimkataa mtu ambaye wananchi hawakupewa nafasi ya kumpigia. Kwa sababu hiyo naunga mkono Marekani 2004, ambako wanachama wa kawaida ndio wanaoamua, jimbo baada ya jimbo. Howard Dean, mmoja wa waliowania, aliongoza tafiti za maoni, Al Gore, makamu wa rais wa zamani, akamuunga mkono Desemba 2003, magazeti yakamwandika kama mgombea aliyekwisha kupatikana. Januari 19 Iowa ikamweka wa tatu, nyuma ya John Kerry na John Edwards. Usiku ule Dean alipaza sauti jukwaani kuwatia moyo wafuasi wake, na televisheni zikairudia sauti ile siku nzima, wiki nzima.

Muuza Magazeti (Uyole)
Mimi nasema 2015, na nitaeleza kilichonipata. Wakati huo magazeti yangu yalifika kwa basi la Dar es Salaam, mara nyingi jua likiwa limekwisha kushuka. Kwa wiki nyingi ukurasa wa mbele ulikuwa wa Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani, tangu alipotangaza nia Arusha mwishoni mwa Mei. Gazeti lenye picha yake liliisha kabla sijapanga mengine kwenye meza. John Magufuli, aliyechukua fomu bila shamrashamra, nilimkuta kurasa za ndani. Nikaagiza nakala 120 za Jumamosi, Julai 11, mara mbili ya kawaida yangu, kwa makubaliano na wakala kwamba zisizouzwa atazipokea. Usiku wa kuamkia siku hiyo majina matano yaliyopitishwa na Kamati Kuu ya CCM yakatoka Dodoma, na Lowassa hayumo. Asubuhi Uyole nzima walikuwa nayo, kwa redio na simu. Basi lilipofika jioni, nilikata kamba ya furushi nikakuta habari iliyoandikwa kabla ya uamuzi, bado ikimtaja kuwa mbele. Niliuza nakala 11. Wakala alikataa marejesho, nami nikakopa kwa shemeji ili kulipa kodi ya kibanda. Kesho yake Magufuli akapita kwa kura 2,104. Amina Salum Ali 253, Asha-Rose Migiro 59.

Mnyalukolo (Iringa)
Pole sana, ndugu yangu. Lakini kisa chako kinaonyesha kwamba magazeti yalikosea, si kwamba wajumbe walihama. Lowassa hakupigiwa kura na mkutano mkuu hata kidogo, alikatwa kabla.

Muuza Magazeti (Uyole)
Ndiyo maana vijana wakisome. Wajumbe wa Halmashauri Kuu waliimba kwamba wana imani naye, na watatu wa Kamati Kuu wakajitenga hadharani na uamuzi ule. Siku iliyofuata mkutano mkuu ukampa Magufuli asilimia 87. Kama huko si kuhama, ni nini?

Mama Isyesye (Mbeya)
Ni utii kwa chama, ndugu yangu, na utii si sawa na kubadili moyo. Lowassa alihamia CHADEMA, chama cha upinzani, kabla Julai haijaisha, na baadhi ya wana CCM wakamfuata.

Mwalimu wa Soweto (Mbeya)
Nawashukuru. Ni kidato cha tano, dakika 80. Mkuu wa shule sijamwona, na nakiri nilipaswa kuanzia kwake. Nitamwona kesho asubuhi. Hoja ya mama ya utii na kuhama imenivutia kuelekea 2015, ila hesabu za 1995 zinanirudisha nyuma.

Kijana wa Rungwe (Tukuyu)
Na 2005, Mwalimu?

Muuza Magazeti (Uyole)
Yale ya Julai 11 ninayo bado, yamefungwa kwa kamba ileile. Ukiyahitaji, nitakuletea stendi ya Nane Nane Alhamisi saa kumi.