Naomba ushauri: toleo la bei nafuu la mchezo wa PlayStation 2 ni sawa na toleo la kwanza?

Pedi_ya_Tanga:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina PlayStation 2 iliyonunuliwa Uingereza, haijachipiwa (yaani haijafungwa chipu ya kuiwezesha kusoma diski za kuchoma au za maeneo mengine), na nimeazimia kuitumia kwa diski halali tu, kwa kuwa zile za kuchoma tulizokulia nazo hazikuwa na jalada wala kitabu cha maelekezo, na nyingi hazisomi tena. Binamu yangu anayeishi Toronto anakuja likizo, naye ameona katika duka la bidhaa zilizotumika mchezo wa Silent Hill 2 wenye ukanda mwekundu ulioandikwa “Greatest Hits”. Bei yake ni ndogo kuliko ya nakala isiyo na ukanda huo. Je, kilichopunguzwa ni bei peke yake, au mchezo wenyewe pia umepunguzwa? Na kwa mtu anayekusanya michezo aitunze kwa miaka mingi, ni vyema nisubiri toleo la kwanza?

MwanaKisiwa:
Ndugu Pedi, ondoa shaka kuhusu ubora. Lebo hizo hazikubuniwa kwa ajili ya michezo iliyododa. Sony ilipoanzisha Greatest Hits huko Marekani mwaka 1997, mchezo ulipaswa kwanza kuwa umekaa sokoni kwa muda na kuuza nakala zisizopungua 150,000 ndipo urudishwe dukani kwa bei ya chini. Ulaya lebo ya namna hiyo iliitwa Platinum, nayo hutambulika kwa jalada lake la rangi ya fedha. Kampuni ilimudu kushusha bei kwa sababu gharama za kuutengeneza na kuutangaza mchezo zilikuwa zimekwisha kurudi, na kuchapa diski nyingine hakugharimu sana. Kwa hiyo, kwa kawaida, unachokipata ni mchezo uleule kamili. Tofauti utaiona kwenye jalada, na mara nyingine kwenye kitabu cha maelekezo, ambacho huweza kuwa kimechapwa bila rangi.

Fundi_Pangani:
Naungana na MwanaKisiwa, ila kwa mchezo huu hasa niende mbele zaidi: toleo la ukanda mwekundu limezidi lile la kwanza. Silent Hill 2 ilipotoka kwenye PlayStation 2 mwaka 2001 ilikuwa na kisa cha James, mhusika mkuu, peke yake. Toleo la Xbox lililofuata liliongezewa kisa kifupi kiitwacho Born from a Wish, ambamo unamwongoza Maria, na nyongeza hiyo ikaingizwa katika Greatest Hits ya PlayStation 2. Anayelipa zaidi ili apate jalada la awali anapata mchezo wenye sehemu chache. Sipendi kuona vijana wakiambiwa kwamba toleo la bei nafuu ni la watu wasiojua thamani, kwa sababu mara nyingine lilichapwa baada ya waundaji kupata nafasi ya kurekebisha kasoro.

Bi_Kaseti:
Wanangu, mmesifu jalada mkasahau mashine. Ndugu Pedi amesema PlayStation 2 yake ni ya Uingereza na haijachipiwa. Diski ya Kanada ni ya eneo la Amerika Kaskazini, na mashine ya Ulaya itaikataa hata kama ni halali na haina mkwaruzo hata mmoja. Kabla ya binamu kutoa fedha, atazame namba iliyochapwa kwenye diski. Ikianza na SLUS au SCUS ni ya Amerika Kaskazini. Ikianza na SLES au SCES ni ya Ulaya, na hiyo ndiyo itakayofanya kazi kwako.

Kuhusu thamani, wakusanyaji wengi hupendelea chapa ya kwanza, pengine kwa sababu ndogo kabisa. Nakala za mwanzo za Final Fantasy VII za Marekani hutafutwa kwa kuwa neno “masterpiece” lilikosewa herufi nyuma ya jalada, kosa lililosahihishwa baadaye. Ukinunua kwa nia ya kuuza, mambo hayo yana uzito. Ukinunua kwa nia ya kucheza, hayana.

Ukija kuhamia kwenye kaseti za Super Nintendo, ambako lebo ya bei nafuu iliitwa Player’s Choice, jambo la kuuliza ni betri ya ndani inayotunza mchezo uliohifadhiwa. Lebo hiyo ilianza mwaka 1996, kwa hiyo hata kaseti zake ni za zamani, na betri huenda ikahitaji kubadilishwa na fundi anayejua kulehemu.

Pedi_ya_Tanga:
Shikamoo Bi Kaseti, na ahsanteni nyote. Suala la eneo sikulifikiria kabisa. Nitamwambia binamu aiache. Je, kisa cha Maria kinapatikana kwenye diski ya Ulaya?

Fundi_Pangani:
Kinapatikana. Ulaya toleo lenye nyongeza hiyo liliuzwa kwa jina la Silent Hill 2: Director’s Cut, kwa hiyo tafuta maneno hayo juu ya jalada. Kama una mtu Uingereza, mwombe akutumie picha ya diski yenyewe pande zote mbili kabla hajalipa: upande wa juu usome namba, upande wa chini uone mikwaruzo. Makasha hubadilishana diski mara nyingi katika maduka ya vitu vilivyotumika, hivyo picha ya jalada peke yake haitoshi.