Sebule ya mita 5 kwa 4: besi imepotea kochi la kati, kiti cha pembeni kinavuma

Sebule_Njiro

Wakuu, habari za jioni. Nina seti ya 5.1 (spika tano na sabufa moja) hapa Njiro, Arusha. Sebule ina urefu wa mita 5, upana 4, dari mita 2.8. Kuta ni bloku zilizopigwa plasta, chini marumaru, juu jipsamu, kulia kuna dirisha kubwa la alumini. Runinga iko ukuta mfupi, kochi la watu watatu limegusa ukuta wa nyuma, na kuna kiti cha mmoja kwenye kona ya nyuma kushoto. Sabufa ya inchi 12 iko kona ya mbele kushoto.

Nimeendesha programu ya risiva ya kusahihisha chumba (Audyssey) kwa maiki yake. Nafasi tatu tu, maiki ikiwa juu ya mgongo wa kochi. Matokeo:

- Spika za mbele na senta (spika ya kati, chini ya runinga): "Large", yaani zinapewa besi yote
- Sabufa: desibeli -12
- Umbali wa sabufa: mita 6.7, ilhali nikipima kwa futi ya kamba ni mita 4.8

Katikati ya kochi besi hakuna. Nikipandisha sabufa desibeli 6 kwenye menyu, pale kati bado kimya, ila kwenye kile kiti cha pembeni mngurumo unatisha na vikombe vinagongana kabatini. Maneno ya wahusika nayo hayasikiki vizuri. Ninunue maiki ya kupimia, au nibandike sponji ukutani?

Fundi_Masafa

Mkuu, vipimo vyako vimeshajibu nusu ya swali. Chukua 343 (kasi ya sauti, mita kwa sekunde), gawa kwa mara mbili ya kila kipimo cha chumba. Urefu: Hz 34 (mitetemo 34 kwa sekunde). Upana: Hz 43. Kimo: Hz 61. Hapo ndipo sebule yako inapovuma yenyewe.

Sasa angalia huo upana. Wimbi la Hz 43 linakuwa na nguvu zaidi kwenye kuta mbili za pembeni na linakufa katikati kabisa, mita 2 kutoka kila ukuta. Wewe umekaa humo humo linapofia. Kiti cha pembeni kiko linapofura, tena kimebanwa konani ambako mawimbi yote ya chumba yanakutana. Na sabufa iko kona nyingine, mahali panapoyaamsha yote kwa nguvu.

Ndiyo maana kupandisha hakusaidii. Hz 43 pale kati inapotea kwa sababu mawimbi yanafutana: ukiongeza, unaongeza yote yanayofutana. Ukilazimisha desibeli 10 unaidai amplifaya ya sabufa nguvu mara kumi, na shimo linabaki pale pale. Programu yoyote, iwe Audyssey, Dirac au YPAO, inashusha kilima (sauti iliyozidi) vizuri sana. Shimo la namna hii haiwezi kulijaza.

Hamisha sabufa. Iweke ukuta wa mbele katikati, chini ya runinga au kando kidogo ya senta. Ukikosea sentimita 20 au 30 si neno. Ikiwa pale katikati haiamshi lile wimbi la upana, kwa hiyo wa kati na wa pembeni wanaanza kusikia kitu kinachofanana. Hz 34 bado itafura, lakini itafura kwa kila mtu, na hicho ndicho kilima ambacho filta moja inakimaliza.

Kochi nalo lisogeze mbele hadi masikio yawe kama sentimita 90 kutoka ukuta wa nyuma. Usifike mita 1.25, maana hiyo ni robo ya urefu na Hz 69 inafia hapo. Nusu ya chumba, mita 2.5, ndiyo mbaya kuliko zote: Hz 34 yote inakwenda.

kelele_moshi

Naongezea upande wa upimaji, maana hapo ndipo wengi tunaharibu.

Maiki juu ya mgongo wa kochi ni kosa. Mgongo unaakisi sauti za juu na ukuta uko sentimita chache nyuma yake, kwa hiyo risiva inasahihisha kochi badala ya spika. Tumia stendi ya kamera, ncha ya maiki itazame dari, kimo cha masikio ukiwa umekaa, angalau nusu mita kutoka ukutani. Nafasi ya kwanza ni ya mkaaji mkuu, kwa sababu umbali na viwango vyote vinatoka hapo. Zinazofuata zizunguke hiyo ya kwanza, zisipite sentimita 60. Nafasi tatu ni chache. Audyssey ya toleo la MultEQ la kawaida inapokea 6, XT na XT32 zinapokea 8. Zimalize zote. Kile kiti cha konani usikipime kabisa, kitavuta hesabu ya wengine.

Zima feni, chomoa friji kama iko karibu, na usipime mvua ikinyesha. Bati juu ya jipsamu likipigwa na mvua maiki haisikii kingine. Usiku baada ya saa nne kunafaa zaidi. Umeme ukikatika katikati, anza nafasi ya kwanza upya.

Hiyo -12 haimaanishi sabufa iko chini. Ni mwisho wa kipimo cha risiva: ilitaka kushusha zaidi ikashindwa, maana kitufe cha nyuma ya sabufa kiko juu mno. Kipunguze kiwe kama mshale wa saa kwenye 9 au 10, upime tena. Ikikaa kati ya -3 na -9 umefaulu. Kwenye sabufa yenyewe, krosova (mpaka wa masafa kati ya sabufa na spika) izungushe mpaka mwisho, na fezi (mwelekeo wa wimbi) 0.

"Large" imewekwa na risiva kwa sababu imesikia spika zinashuka chini. Ibadilishe kwa mkono: zote "Small", krosova Hz 80, LFE (njia maalumu ya besi ya filamu) Hz 120. Usichague LFE+Main, ile inapeleka besi ileile sehemu mbili.

Mita 6.7 iache kwanza. Ziada ya mita 1.9 ni ucheleweshaji wa saketi za ndani ya sabufa, karibu milisekunde 5.5, na risiva imeugeuza kuwa umbali. Wengi wanausahihisha kwa futi ya kamba, wanaharibu.

Kuna mtu aliwahi kuandika humu kwamba Arusha kwa kuwa iko juu, hewa nyepesi inabadilisha kasi ya sauti, hivyo umbali wote ni wa uongo. Hapana. Kasi inafuata joto la hewa, haifuati mwinuko. Kutoka nyuzi 15 hadi 25 inapanda kutoka mita 340 hadi 346 kwa sekunde, na hiyo haiharibu chochote sebuleni.

Sebule_Njiro

Nashukuru sana wakuu, sabufa nimeshahamisha na kochi limesogea. Je, sponji? Na UMIK-1 (maiki ya kupimia ya USB) ina faida gani kama risiva ina maiki yake?

Fundi_Masafa

Sponji ya sentimita 5 haina habari na Hz 34. Wimbi hilo lina urefu wa mita 10. Sponji hiyo inaanza kufanya kazi ya maana kama Hz 1,000 kwenda juu. Itakusaidia kwa maneno, ila zulia nene mbele ya kochi na pazia zito kwenye lile dirisha vinafanya kazi hiyo hiyo na sebule inabaki sebule. Ukitaka cha kushuka zaidi, sufi ya kioo ya sentimita 10, ile ya njano inayowasha mikono, ndani ya fremu ya mbao iliyovishwa kitambaa, na uiache na nafasi nyingine ya sentimita 10 kutoka ukutani. Hapo unashika kuanzia kama Hz 200.

Senta: ivute hadi ukingo wa rafu, isitanguliwe na ubao hata sentimita moja, kisha inyanyue mbele ielekee masikio. Mara nyingi maneno yanarudi kwa hilo tu.

UMIK-1 ni ya kuona, na kwa programu ya REW, ya kompyuta ya kupima sauti, ambayo ni ya bure. Kwenye Audyssey endelea na maiki iliyokuja na risiva; usiweke ya risiva nyingine. Ukiipata UMIK-1, pakua faili la usahihisho kwa namba ya maiki yako. Kuna mafaili mawili: la nyuzi 90 ni la maiki inayotazama dari, la nyuzi 0 ni la maiki inayoelekezwa spika.

Kompyuta iunge na risiva kwa HDMI. Chagua Stereo, Audyssey ikiwa imezimwa. Usitumie Pure Direct, maana kwenye risiva nyingi hiyo inazima krosova na sabufa inanyamaza. Rekebisha sauti mpaka kipimo kisome desibeli 75, kisha piga mlio wa kupanda kutoka Hz 15 hadi 20,000, urefu sampuli 256k. Pima sabufa peke yake, halafu spika moja moja pamoja na sabufa. Grafu ya chini ya Hz 200 iangalie bila kulainishwa, la sivyo vilima vyembamba vinafichika.

Sebule_Njiro

Maiki nimeazima. Kochi la kati na pembeni sasa vinatofautiana chini ya desibeli 3 hadi Hz 75. Kimebaki kilima cha Hz 34, desibeli 10 juu ya majirani. Lakini senta pamoja na sabufa kuna shimo kwenye Hz 80, desibeli 8. Senta peke yake halipo, sabufa peke yake halipo. Hilo nalo ni chumba?

kelele_moshi

Hilo si chumba. Ni spika na sabufa zinapingana kwenye krosova. Na hapa ndipo ule umbali wa sabufa unaruhusiwa kuguswa, kwa kuwa sasa una maiki. Badilisha sentimita 30 kwa hatua, juu au chini, upime kila mara senta pamoja na sabufa. Simama shimo linapojaa. Ukipita mita 1.5 bila mabadiliko, geuza fezi ya sabufa iwe 180, uanze tena. Ukimaliza kagua kushoto na kulia pia, wakati mwingine senta inapona hao wanaumia.

Fundi_Masafa

Kwa Hz 34, iache Audyssey ijaribu kwanza. Ikibaki zaidi ya desibeli 4, weka miniDSP 2x4 HD (kisanduku cha kuchuja sauti) kati ya risiva na sabufa. Kwenye REW fungua dirisha la EQ, mipaka Hz 20 hadi 150, kiwango cha juu cha kuongeza andika 0, ili ishushe tu. Utapata filta kama PK (aina ya kilima), Hz 34.3, desibeli -9, Q 5 (wembamba wake). Ukiipakia, endesha Audyssey upya, isahihishe juu ya kilichokwisha nyooka. Mlio wa kilima hicho pia utafupika, siyo kushuka tu. Utauona kwenye grafu ya maporomoko (waterfall), inayoonyesha sauti inavyofifia.

Ukiona besi sasa ni kavu mno baada ya kunyooka, ni kawaida, sikio lilizoea ule mvumo. Pandisha sabufa desibeli 3 hadi 5 baada ya upimaji, na Dynamic EQ (inayoongeza besi sauti ikiwa chini) iwe imewashwa. Kwa vipindi vya runinga na muziki weka Reference Level Offset (inayopunguza nyongeza hiyo) 10 au 15, kwa filamu 0.

Sebule_Njiro

Umbali wa sabufa umekwenda mita 5.5, shimo limebaki desibeli 2. Ila kuna kitu kinatetemeka na kulia kila sabufa ikishuka chini, na kwenye grafu hakionekani.

kelele_moshi

Kwenye REW fungua jenereta, weka sauti moja tu, panda polepole Hz 30 hadi 60, mwenzako aguse kimoja kimoja: fremu ya dirisha la alumini, bomba la pazia, grili, kifuniko cha taa kwenye jipsamu. Kinachonyamaza akikishika ndicho hicho. Kwa dirisha, kamba ya mpira kwenye reli inatosha.