Kikundi cha kujitolea: tuhesabuje ndege bila takwimu kugongana?

Bwawani: Wakuu, heshima kwenu. Tuko watu tisa wa kujitolea. Tulianza kwa kuokota taka na kung'oa mimea vamizi kando ya bwawa, sasa tunataka kuhesabu ndege kila mwezi ili tukitetea eneo tuwe na takwimu mkononi. Shida ni kwamba hesabu zetu zinagongana: kundi lile lile la bata, mmoja kaandika 90, mwingine 300. Darubini tunazo mbili. Tuanzie wapi?

Mbayuwayu: Mkuu, ndege wa vichakani na wa majini hawahesabiwi kwa mtindo mmoja. Nianze na vichaka.

Chagueni vituo vya kudumu vilivyoachana angalau mita 200, la sivyo ndege mmoja anayeimba atahesabiwa mara mbili. Mkifika, simameni kimya dakika 1 au 2 ili walioshtuka watulie, kisha hesabuni dakika 10 kamili. Akitokea ndege adimu dakika ya 11, aandikwe pembeni, si kwenye hesabu. Anzeni jua linapochomoza, mmalize ndani ya saa 3 au 4, maana baadaye wengi hunyamaza. Kukiwa na mvua au upepo wa kutikisa matawi, ahirisheni. Anayepita juu bila kutua aandikwe kwenye safu yake peke yake.

Kituo kisicho na ndege kiandikwe 0. Hapa ndipo vikundi vingi vinapoharibu: wanaacha wazi, halafu mwakani hakuna anayejua kama ndege hawakuwepo au watu hawakwenda.

Korongo: Kuhusu bata, naona wote wawili walikadiria kwa jicho. Anzieni ukingoni mwa kundi, hesabuni 10 mmoja mmoja, angalieni wamechukua nafasi kiasi gani ndani ya darubini, kisha pitisheni kipande hicho hadi mwisho wa kundi. Kundi kubwa sana, tumieni vipande vya 50 au 100. Watu wawili wahesabu kila mmoja kivyake, wasitajiane namba hadi wote wamalize. Jua liwe mgongoni. Kwa bata wazamiaji rudieni mara 3 mchukue namba kubwa, kwa sababu kila mara baadhi wako chini ya maji.

Hesabu ya Januari ifanyeni katikati ya mwezi. Ndipo ilipo hesabu ya kimataifa ya ndege wa majini inayoratibiwa na shirika la Wetlands International, kwa hiyo yenu italinganishika.

Darubini mbili zinatosha: mmoja anatazama, mmoja anaandika. Mkiongeza, 8x42 (inakuza mara 8, lenzi za mbele zina upana wa milimita 42) inafaa kuliko 12x, ya kukuza mara 12, ambayo mkono ukitetemeka kidogo tu huoni kitu.

Bwawani: Shukrani sana. Na zile programu za simu za kutambua sauti?

Mbayuwayu: Zichukulieni kama fununu. Wapo ndege wanaoiga sauti za wenzao, na programu inadanganyika. Asiyetambulika aandikwe hivyo hivyo, "kipanga asiyetambulika", msibahatishe. Mkipandisha orodha eBird, ile hifadhidata ya mtandaoni ya kumbukumbu za ndege, mseme ni kamili pale tu mlipoandika kila spishi mliyoitambua.

Korongo: Nyongeza: msipige rekodi za milio kuwaita ndege msimu wa kutaga. Dume huacha shughuli zake kumfukuza mpinzani asiyekuwepo. Na picha ya kiota ikiwa na alama ya mahali, isiende kwenye kundi la simu.