Darasa la tano, watoto 70, hakuna maabara: nianzie wapi?

MwlPwani (Bagamoyo)
Walimu wenzangu, nikiuliza "mmeelewa?" darasa zima linaitika "ndiyooo", nikisahihisha madaftari naona hawajaelewa. Nataka somo moja la kuchunguza, kipindi cha dakika 40, vifaa vya nyumbani.

Mzee wa Chaki
Yai na maji ya bahari. Watoto wa pwani wengi watakuapia kwamba yai litaelea. Linazama! Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Yai jipya linataka zaidi ya gramu 100 ili lielee.

Makundi kumi. Kila kundi: chupa ya lita moja na nusu iliyokatwa shingo, nusu lita ya maji ya bahari, yai lililochemshwa (bichi litakupasukia), kijiko cha chakula, chumvi. Kabla ya kugusa chochote kila mtoto aandike utabiri na sababu, kwa wino. Kalamu ya risasi wanafuta wakishaona jibu. Watumbukize yai, wabishane, ndipo waongeze chumvi kijiko kimoja kimoja, kimesawazishwa. Kwa kawaida yai hunyanyuka kwenye cha tatu au cha nne.

Linaloharibu somo ni chumvi ya mawe. Haiyeyuki upesi, inalala chini, yai linaning'inia katikati na kila kundi linapata hesabu yake. Toa yai, koroga mpaka punje ziishe, lirudishe.

Binti Kaole
Shikamoo Mzee. Naongeza: mayai yajaribiwe kwanza kwenye maji ya bomba. Yai la zamani limepoteza maji kupitia ganda na hewa ndani imeongezeka, linaelea hata bila chumvi. Msilitupe, ni swali la kipindi kijacho.

Na mwalimu anyamaze. Mary Budd Rowe, mtafiti wa elimu wa Marekani, alionyesha kwamba walimu wengi husubiri jibu kama sekunde moja tu; wakisubiri tatu au zaidi, majibu yanarefuka na watoto wanaanza kuuliza wenyewe. Hesabu kimoyomoyo.

MwlPwani
Ahsanteni. Maji nichote popote?

Mzee wa Chaki
Marahaba Binti. Mwalimu, masika usichote karibu na mdomo wa mto Ruvu, maji matamu yanapunguza chumvi, utahitaji kijiko cha ziada. Au chota sehemu mbili makusudi, usiwaambie yametoka wapi.