Jini wa filamu: aonekane, au asikike tu?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nauleta kwenu mjadala ulioanza barazani kwetu Wete, Pemba, baada ya kuangalia The Haunting ya mwaka 1999. Binamu yangu anasema ni filamu nzuri, mizimu yake imetengenezwa kwa kompyuta ikapendeza, na filamu ya kutisha isiyoonesha kitu ni kumdhulumu mtazamaji. Mimi nasema filamu ile imeiua hadithi.

Hadithi ni ya Shirley Jackson wa Marekani, kitabu cha 1959. Watu wanne wanakwenda kukaa kwenye jumba lenye sifa mbaya. Usiku mmoja Eleanor yuko kitandani, giza totoro, anasikia mtoto analia. Kaushika mkono wa mwenzake, Theodora, kaubana kwa nguvu. Taa zinapowaka, Theodora yuko kitanda cha pili. Sasa mkono ule ulikuwa wa nani? Mwandishi hajibu. Nimekisoma kipande hicho mara nne na kila mara nimeuficha mkono wangu ndani ya shuka.

Robert Wise alipoitia hadithi hii kwenye filamu mwaka 1963, aliielewa. Ni nyeusi na nyeupe, na mzimu huuoni hata mara moja, mwanzo hadi mwisho. Unasikia vishindo ukutani, na mlango wa mbao unafura kwa ndani kama kifua cha mtu anayevuta pumzi. Basi. Jan de Bont mwaka 1999 alikuja na pesa nyingi, nyuso za watoto zikatambaa ndani ya shuka, masanamu yakageuza vichwa, mtu akakatwa kichwa kwenye meko ya kuotea moto, na mwisho mwenye jumba mwenyewe, Hugh Crain, akatoka jitu jeusi mbele ya macho yetu. Tena tukaelezwa kila kitu: aliwatesa watoto waliofanya kazi kiwandani mwake, na Eleanor ni wa ukoo ule. Ukishaelezwa hivyo utaogopa nini? Jumba lilivyopambwa sina neno, ni zuri. Lakini mtoto wa binamu yangu, wa darasa la sita, jitu lilipotoka aliinua macho kwenye simu akauliza kama mpira umeshaanza. Na babake ndiye anayesema watoto wa leo wanataka kuoneshwa!

Sisi Wapemba tusifundishwe jambo hili. Mwaka 1995, wakati wa Popobawa, yule jini aliyesemekana kuwavamia watu usiku majumbani mwao, nilikuwa mdogo. Tulilala nje, majirani wote, mikeka imetandikwa kutoka mlango hadi mlango, moto katikati. Mtaani kwetu sikumsikia hata mmoja akisema kamwona. Kilichokuwepo ni mkwaruzo juu ya bati, mara moja tu, kisha kimya. Huenda ni kuti la mnazi. Bibi alinifunika kichwa kwa kanga yake akaninong'oneza, "Usitazame juu, mjukuu wangu." Ile kanga ilinuka moshi na karafuu, na mkono wake ulikuwa unatetemeka. Nikajua kwamba hata bibi anaogopa. Niambieni ni kompyuta gani itakayonipa khofu ile.

Sasa hapa ndipo penye mvutano. Vijana wetu wanazungumzia kutengeneza filamu ya Popobawa, na nimeona michoro ya mmoja wao: mabawa makubwa, jicho moja, meno. Wazee wengine wanasema isitengenezwe kabisa, kwa sababu watu waliumia kweli na wako hai, na si jambo la kuuzia tiketi. Neno lao ni zito kwangu, silipuuzi. Hata hivyo naona itengenezwe, lakini wayatoe yale mabawa. Watupe bati, mikeka, na nyuso za mama zetu zilizokesha. Jina la mtu yeyote aliyedhurika lisitajwe.

Mliokuwapo 1995, Pemba na Mjini Unguja, mnasemaje? Mngekubali kukaa na watoto wenu kuiangalia?