Mjadala: Je, fasili za kale za maneno ya ufundi zirudi kwenye kamusi za leo?

Mtoa hoja
Krapf (1882), Madan (1903) na Johnson (1939) waliingiza kwenye kamusi zao maneno mengi ya mafundi wa pwani. Tangu Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 tunafasili Kiswahili kwa Kiswahili, na maneno hayo mara nyingi huambulia mstari mmoja. Mimi nasema maelezo marefu yarudi.

Chukueni keekee. Ukiandika tu "kifaa cha kutobolea mbao" umeshaichanganya na drili ya umeme. Keekee ina vipande vinne: chuma chenye ncha, msukano unaoshika chuma hicho, jivu, yaani kishikio cha juu ambacho fundi hukikandamiza kwa kiganja, na uta. Kamba ya uta huzungushwa mara moja kwenye msukano. Uta ukivutwa na kusukumwa, chuma huzunguka huku na huku. Jivu lisipopakwa mafuta hupata moto na kukwama. Mwanafunzi asiyeikuta maana hii ya jivu atafikiria mabaki ya kuni, na maelezo yote yatampotea.

Mhariri wa kamusi
Ndugu, hayo ni ya ensaiklopidia. Fasili hutenganisha neno na jirani zake, basi. "Kifaa cha kutobolea kinachozungushwa kwa uta": maneno sita, na drili ya umeme imeshatoka. Jivu lipewe kidahizo chake, yaani liorodheshwe peke yake na fasili yake. Isitoshe, fasili zile ziliandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya wageni. Krapf aliegemea Kimvita, Madan Kiunguja. Ukizitafsiri zilivyo, utahamisha na makosa yao.

Mjuzi wa vyombo
Kwa keekee nakubaliana nawe, Mhariri. Kwa deheni, hapana. Ukiiita "kitu cha kupaka chombo" umeichanganya na sifa. Deheni ni chokaa iliyokandwa na shahamu, na hupakwa sehemu ya chini inayozama, ili wadudu wa baharini wasitoboe mbao. Sifa ni mafuta ya samaki, hasa papa, na huzipa mbao unyevu zisipasuke juani. Kabla ya deheni chombo hupandishwa pwani wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana, hukwanguliwa, hubabuliwa kwa moto wa makuti, ndipo kikapakwa. Mbao ikiwa bado imelowa, deheni haishiki. Hubanduka vipande vipande.

Na kalafati, ambalo ndilo linaloniuma zaidi. Wengi hulieleza kama "kuziba matundu". Si matundu! Ni nafasi za maungio baina ya mbao na mbao. Pamba iliyolowekwa mafuta husokotwa na kushindiliwa kwa patasi butu. Ikilegea, chombo huvuja. Ikishindiliwa kupita kiasi, mbao zikivimba majini husukumana mpaka zikaachia mataruma, yaani mbavu za chombo. Neno "maungio" peke yake lingetosha kurekebisha fasili, wala halili nafasi.

Mhifadhi wa miswada
Naongeza wino. "Kioevu cha kuandikia" hakimsaidii anayeshika msahafu wa Siyu, kisiwani Pate, au utenzi ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu. Wino wa masizi na gundi haufifii kwa mwanga, lakini kitambaa chenye maji huufuta. Wino wa chuma hushika, ila asidi yake hula karatasi mpaka herufi zikadondoka zikaacha matobo. Hizi ni aina mbili, na kila moja inastahili kidahizo kidogo chini ya wino.

Mhariri wa kamusi
Kwa kalafati na deheni nimekubali. Wino, bado: aina za wino ziende kwenye istilahi za uhifadhi. Na nina sharti moja: fasili ya kale isiingie kabla ya kupimwa na mafundi wa Nungwi, Unguja, na Matondoni, Lamu, kwa kuwa huko majahazi bado yanaundwa na maana za maneno zimehama.

Mtoa hoja
Sharti hilo nalipokea. Lakini mtepe, chombo cha kale cha pwani, tutaupima kwa nani? Ule wa 2003 uliowekwa katika jumba la makumbusho la Beit el Ajaib, Unguja, ulikuwa wa kuigiza, maana mitepe ya kazi ilikwisha zamani. Chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi, tanga lake mkeka: hapo Johnson na picha za zamani ndio mashahidi tulio nao. Ukisubiri fundi, neno litaingia tupu.

Mjuzi wa vyombo
Basi liingie na alama ya "kale", na kamba zitajwe.